Maelezo Uliyoyataka Juu ya Gari la Baba

Nyumbani,
Jumapili, tarehe 21 Septemba.

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto, nikitumaini kwamba mko wazima na kwamba lile jino lililokuwa likikunyima usingizi limeng'olewa, au limeona haya likaacha lenyewe. Sisi huku hatujambo. Mama anaendelea vizuri. Mkono wake ulioungua umepona ukabaki na alama ndogo, na kila mgeni anayeingia lazima aoneshwe alama hiyo kabla hajapewa kiti. Anakusalimu sana na anasema ukija safari hii usije mikono mitupu, ingawa amekataa kusema anataka nini. Anasema mtoto mwenye akili hujua mwenyewe.

Ujumbe wako wa tarehe 10 niliupata. Ulitaka nikuandikie maelezo kamili, yenye tarehe na sahihi, kuhusu jinsi Baba Mdogo alivyozembea mipira ya petroli ya gari la marehemu baba mpaka likashika moto mama akiwa ndani. Ulisema bodi ya shule inakutana Ijumaa tarehe 26, na kwamba wewe kama katibu huwezi kusimama mbele ya wajumbe na maneno ya simu. Ulisema pia kwamba mabasi matatu yanayobeba watoto wa watu hayawezi kurudi kwa fundi aliyeshindwa kumlinda shemeji yake mwenyewe, na kwamba neno langu litamaliza ubishi, kwa kuwa mimi ni mtunza stoo wa shule hiyo, naandika kila kitu, na hakuna aliyewahi kunikuta na kosa la hata msumari mmoja. Basi karatasi hii hapa. Nimekaa sebuleni tangu asubuhi, shajara iko wazi mezani. Soma mpaka mwisho kabla hujanipigia simu.

Jumanne tarehe 26 Agosti, saa tatu kasorobo asubuhi, nilikuwa nampeleka mama kliniki ya macho. Tulipofika kwenye mteremko karibu na ukuta unaojengwa, nilisikia harufu kali ya petroli, kisha gari likakohoa mara mbili. Nilipoliegesha pembeni, moshi ulianza kutoka kwenye mwanya wa boneti, na nyuma ya moshi nikaona rangi ya chungwa. Nilimtoa mama upande wake, nikamvuta mpaka kwenye matofali. Waashi waliokuwa juu ya ukuta walishuka na makarai ya mchanga bila kuitwa, wakainua boneti kwa mti na kumwaga mchanga mpaka moto ukafa. Haikuchukua dakika tatu. Mama aliungua baada ya moto kuzimika, pale alipokwenda kuweka kiganja kwenye boneti akisema anataka kujua mke mwenza wake anaumwa nini. Unakumbuka alivyoliita gari hilo mke mwenza tangu enzi za baba, kwa sababu kila Jumamosi mumewe alilala chini yake.

Jioni ulipiga simu. Uliniuliza nani anagusa mipira ya gari lile. Nilikujibu kwamba gari la baba haliguswi na mtu mwingine isipokuwa Baba Mdogo. Najua ulichofanya baada ya hapo, maana nilikuwepo karakanani kwake kesho yake ulipompigia. Sauti yako ilisikika mpaka nilipokuwa nimesimama. Ulimwambia kwamba baba angefufuka angemkana, na kwamba asiguse tena kitu chochote cha ukoo huu chenye magurudumu. Yeye alisikiliza mpaka ukamaliza, akasema amesikia, akakuuliza watoto hawajambo, kisha akaweka simu chini na kuendelea kunoa tindo. Wiki hiyo hiyo mabasi ya shule yaliondolewa kwake kusubiri uamuzi wa bodi.

Uliagiza gari lipelekwe kwenye ile gereji kubwa yenye sakafu ya vigae. Nilitii. Kijana aliyevaa ovaroli nyeupe kuliko koti la daktari alilizunguka mara moja, akatafuta mahali pa kuchomeka kompyuta yake, akakosa. Akaniambia kwa adabu kwamba gari limemzidi umri na mabomba yake hayatengenezwi tena, hivyo anashauri liuzwe chuma chakavu. Niliporudi na habari hizo, mama hakubishana na mtu. Alimtuma mtoto wa jirani kumwita shemeji yake. Nilijaribu kumzuia, nikamkumbusha uliyosema. Akanijibu kwamba waliogombana ni wanaume, yeye hajagombana na mtu, na gari liko kwenye uwanja wake.

Baba Mdogo alikuja Jumamosi tarehe 13 saa moja asubuhi, kwa baiskeli, sanduku la vyombo limefungwa nyuma kwa mpira wa tairi. Kutoka hapo, kaka, nitakuandikia polepole, kwa sababu nimeona vitu ambavyo sikuwa nikijua kwamba viko duniani, na vilikuwa umbali wa hatua kumi kutoka jikoni kwetu.

Kwanza hakugusa kitu. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akalitazama gari kwa muda wa nusu saa, kama mtu anayesubiri mgonjwa aanze kueleza mwenyewe. Kisha alifungua boneti. Alikwenda moja kwa moja kwenye mpira unaotoka pampu ya mafuta kwenda kwenye kabureta, ule uliopita juu ya ekzosi. Nusu yake ilikuwa imeungua na nusu ilikuwa nzima. Alichomoa ile nusu nzima, akaiminya, akainusa, akaigeuza kwenye mwanga akaangalia maandishi madogo ya pembeni. Halafu aliitia mfukoni. Mama, aliyekuwa amekaa mlangoni akichambua mchele, alimuuliza shemeji kulikoni. Baba Mdogo alimjibu kwamba mpira ulichoka tu, shemeji, kama sisi. Mama akasema achoke yeye, yeye mama bado yumo. Wakacheka. Mimi sikucheka.

Alisema kubadilisha mpira mmoja ni kumdanganya mwenye gari. Tutabadilisha njia yote ya mafuta kutoka tangi mpaka kabureta, na ile inayorudisha mafuta tangini. Alikata waya wa betri. Tulilisukuma gari mpaka katikati ya uwanja penye hewa, tukamwaga petroli yote kwenye madumu na kuyapeleka mbali. Simu zetu alizipeleka ndani yeye mwenyewe, na mama akaambiwa jiko lisiwashwe mpaka atakapotoa ruhusa. Mama alisema hajawahi kuachishwa kupika na mwanamume mwingine isipokuwa huyu na daktari.

Kisha alilala chini ya gari na kulitoa bomba la chuma, lile linalokwenda ubavuni mwa chesisi, zima, bila kulikata. Alilitandaza juu ya turubai. Nililipima kwa futi: urefu wake ni mita mbili na sentimita themanini na nne, lina kona kumi na moja, na unene wake haufiki kidole changu cha mwisho. Aliniita nibonyeze kwa ukucha mahali palipokuwa pameshikwa na klipu, ambapo tope lilikuwa limekaa miaka yote. Ukucha ulizama. Chuma kilikuwa kimebaki rangi tu na kutu, kaka, kama ganda la yai. Mahali patatu palikuwa hivyo. Nilimuuliza kilichokuwa kinazuia petroli isimwagike barabarani ni nini. Alisema mazoea.

Nilikaa chini pale pale. Nilifikiri kwamba kila tone lililowahi kutupeleka popote lilipita ndani ya kijibomba kile. Mama alipokwenda kujifungua wewe, na alipokwenda kujifungua mimi. Ulipopelekwa bweni mara ya kwanza na sanduku la bati. Baba alipokwenda hospitali mara ile ya mwisho akiwa amekaa mbele, akiniambia nibadilishe gia taratibu. Maisha yetu yote yalipita kwenye kitu chembamba kiasi kile, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuinama akakitazama. Tangu baba afariki, ni Baba Mdogo tu aliyeinama.

Bomba jipya lilikuja limenyooka kama rula. Nilidhani atalipinda kwa koleo. Badala yake aliazima chekecheke ya mama, akachekecha mchanga mkavu mpaka ukawa kama unga, akaujaza ndani ya bomba kidogo kidogo huku akiligonga kwa mpini wa nyundo, kisha akaziba ncha zote mbili kwa vijiti. Aliniambia bomba tupu ukilipinda linakunjamana na kujiziba, lakini lililojaa mchanga linapinda kama mkono wa mtu. Akachukua rimu ya zamani ya baiskeli na kipande cha mti alichokichonga kwa shoka, akaanza. Hakupima. Alipitisha kiganja kwenye kona ya bomba la zamani, akafumba macho, kisha akahamia kwenye jipya na kulikunja kwa uzito wa mwili wake. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, akihema kwa pua kama anayesoma kimoyomoyo. Mimi na futi yangu tulikuwa tukimfuata nyuma. Kwenye kona ya saba nilimwambia, kwa sauti ya mtunza stoo, kwamba kuna tofauti ya milimita mbili. Aliniuliza ipi ni ndefu. Nikasema ya zamani. Akaniambia ya zamani imelala pale miaka zaidi ya thelathini, imenyooka kwa uzee, nisiilaumu. Tulipoinua bomba jipya na kuliweka chini ya gari, liliingia kwenye kila klipu bila kusukumwa, kama mtu anayejilaza kitandani kwake.

Halafu ilikuja kazi ya kutoa mchanga. Alipuliza hewa kwa pampu ya tairi, akapitisha petroli safi, akaikinga kwenye kitambaa cheupe, akatazama juani. Mara ya nne kitambaa kilikuwa hakina kitu. Alirudia ya tano na ya sita. Nilipomwambia kwamba ni safi tangu ile ya nne, alisema macho yake ni ya mzee, na chembe moja inatosha kumlaza mtu njiani.

Mipira aliyoifunga ilikuwa ile aliyoagiza tangu mwezi wa tatu, imeandikwa pembeni kwamba ni ya petroli, na kila mwisho aliufunga kwa klipu mpya. Jumapili saa nane mchana aliwasha gari. Kwa saa mbili nzima injini ikinguruma, tulipita kila kiungo kwa kipande cha karatasi kavu tukitafuta hata alama ya unyevu. Hakukuwa na kitu. Aliliendesha peke yake kuzunguka mtaa mara kumi, na mara ya kumi na moja ndipo alipomfungulia mama mlango. Mama alipanda na pochi yake kubwa kama anakwenda harusini. Waliporudi alisema mke mwenza amepona na sauti yake imerudi ya usichana.

Wakati nakusanya vyombo, Baba Mdogo aliniambia nikipata nafasi Jumanne nipite karakanani, ana kitu cha kunionesha. Hakusema zaidi.

Nilikwenda tarehe 16 baada ya kufunga stoo. Upande ambao hukaa mabasi ya shule ulikuwa mtupu, umefagiliwa. Spana za mabasi zilikuwa zimetundikwa ukutani kwa mpangilio wa ukubwa, zimefutwa grisi, kama vyombo vya mtu aliyesafiri. Juu ya meza kulikuwa na chupa mbili za jemu zilizojaa petroli. Ndani ya moja alikuwa ametia kipande cha mpira mpya alioufunga kwenye gari. Ndani ya nyingine, kipande kilichotoka mfukoni mwake. Vilikuwa vimekaa humo tangu Jumamosi. Alikitoa cha kwanza, akanipa. Kilikuwa kigumu vilevile. Alikitoa cha pili. Kilikuwa kimevimba mara mbili, na nilipokishika kilimeguka kikaniachia vidole vyeusi. Akanieleza taratibu, kama anayemfundisha mtu anayetaka kujua, kwamba mpira huo ni wa maji, mzuri sana kwa maji, ungekaa miaka ishirini. Petroli inaula kutoka ndani, kwa hiyo anayeutazama kwa nje anaona ni mpya mpaka siku unapoteleza kwenye mdomo wa pampu.

Kaka, mpira ule niliufunga mimi.

Tarehe 1 Machi, baada ya kukagua gari, Baba Mdogo alinionya kwamba mipira yote imezeeka. Alisema ataagiza inayofaa, na kabla haijafika niendeshe kwa uchache na niutazame ule wa pampu kila asubuhi. Miezi miwili ikapita na mipira haijafika. Mimi nikaona uzee umemfanya mzito. Jumamosi tarehe 17 Mei nilikwenda dukani. Muuzaji aliniuliza nataka mpira wa kazi gani, nikamjibu nataka wa milimita nane. Akarudia kuniuliza wa kazi gani, nikamwambia yeye akate sentimita arobaini, kazi aniachie mimi. Nilipima upana, nikapima urefu, sikuuliza kitakachopita ndani yake ni nini. Shajara yangu ya siku hiyo inasema hivi: "Nimebadilisha mpira wa pampu. Milimita nane, sentimita arobaini. Dakika ishirini na tano. Kazi safi." Sikumwambia Baba Mdogo, kwa sababu nilitaka siku atakapoleta wake nimwoneshe kwamba wangu unafanya kazi.

Na ulipopiga simu ile jioni ukaniuliza nani anagusa mipira, jibu nililokupa lilikuwa uongo. Nilijua ni uongo kabla sijalimaliza. Uliponisifu kwamba mimi ndiye mtu wa kuaminika nyumbani humu, niliitikia tu. Kibaya zaidi, usiku ule niliandika kwenye shajara yangu, ambayo haisomwi na mtu yeyote isipokuwa mimi: "Chanzo cha moto: hakijulikani." Nimekuwa nikiandika shajara tangu kidato cha pili, na huo ndio mstari wa kwanza wa uongo ndani yake. Sijaufuta. Nimeandika ukweli pembeni kwa kalamu nyekundu na tarehe ya leo.

Pale karakanani nilimuuliza Baba Mdogo alijua lini. Alisema alipouminya. Nilimuuliza kwa nini basi hakusema, mbele ya mama au kwako, wakati jina lake lilikuwa likiburutwa na kazi yake imechukuliwa. Alipangusa mikono. Akaniambia kwamba yeye kazi yake ni gari, na gari lilikuwa linahitaji kutengenezwa. Hilo jingine lilikuwa langu, na mtu hawezi kumfungulia mwenzake mzigo barabarani. Nilimuuliza, je, kama nisingesema kamwe? Akanijibu kwamba angekuwa na huzuni, lakini mama yangu angekuwa anaendeshwa kwenye gari salama. Nimeishi miaka thelathini na minne nikidhani ukweli ni kuandika kila kitu mahali pake. Sikujua kwamba kuna mtu anayeweza kubeba ukweli mfukoni, ukamchoma, na bado akapinda bomba kona kumi na moja bila mkono kutetemeka.

Mama nilimwambia leo asubuhi. Alikoroga chai yake mpaka ikapoa. Kisha akauliza kama wewe unajua, nikasema ndiyo kwanza naanza kukuandikia. Akasema niandike kwa herufi zinazosomeka.

Kwa hiyo haya ndiyo maelezo uliyoyataka, na nakuomba yasomwe mbele ya bodi yakiwa na sahihi yangu. Baba Mdogo hana kosa lolote katika moto ule. Alinionya kwa wakati, sikumsikiliza, nikafunga mpira usiofaa, na baada ya hapo nikamsingizia. Mabasi matatu yakirudi mikononi mwake, watoto wa watu watakuwa salama kuliko walivyowahi kuwa, hilo naweza kuliapia. Bodi ikiona kwamba mtu wa namna yangu hafai kushika funguo za stoo, nitazikabidhi siku hiyo hiyo na orodha iliyokamilika. Usinikingie kifua, kaka. Najua utataka.

Jioni hii, kabla ya kuifunga barua, nilikwenda kumsomea Baba Mdogo kwanza. Alisikiliza akiwa ameegemea ukuta. Nilipomaliza aliniuliza kama ninaweza kufuta mahali pamoja. Nilidhani ni pale nilipomsifu. Hapana. Alitaka nifute maneno uliyomwambia kwenye simu, yale ya baba kufufuka, kwa sababu barua itasomwa mbele za watu na wewe utakuwa umesimama ukiisoma kwa mdomo wako. Alisema si vizuri mtu aaibike mbele ya anaowaongoza kwa neno alilolisema akiwa na hofu juu ya mama yake.

Nimemkatalia, maana nimechoka kufuta. Maneno yako yako pale pale. Lakini ukifika hapo mbele ya wajumbe na sauti ikakukwama, ruka mstari huo. Utakuwa umeuruka kwa ruhusa yake.

Msalimie shemeji, na watoto waambie bibi yao anawaulizia mmoja mmoja. Majirani wote wa huku wanakusalimu, na mama anaongeza salamu nyingine juu ya zile za mwanzo. Barua hii itakufikia kwa mkono wa dereva wa basi la kesho alfajiri.

Nakutakia kila la heri.

Ni mimi mdogo wako,
mtunza stoo.